Kitako kipya cha bunduki kimefika na alama: cha kupiga pasi na cha kurudisha

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, naishi Wisconsin. Nina bunduki ya Remington 700 inayopiga risasi za .30-06, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Kitako chake cha plastiki kilikuwa kimenichosha, nikaagiza kipya cha mbao ya mjozi, kimefika juzi. Boksi lilikuwa limebonyea pembeni. Kwenye kitako kuna mbonyeo wa ukubwa wa ukucha chini ya sehemu ya mbele, mkwaruzo mweupe upande wa shavu, na mstari mwembamba kama unywele, labda sentimita mbili, nyuma kabisa ya pale mkia wa resiva (kile chuma kinachobeba bolti na kushikilia mtutu) unapokaa. Muuzaji anasema hayo ni mambo ya kawaida ya mbao, atanirudishia dola 40 nibaki nacho. Rafiki yangu ananiambia nitie tone la supagluu kwenye mstari, mbonyeo niupige pasi, hela nile. Sijapiga nacho hata risasi moja. Msimu wa kulungu ni Novemba. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Hizo dola 40 ziache kwanza. Mbonyeo na mkwaruzo unaweza kuviongelea bei. Mstari wa nyuma ya mkia hauongelewi bei mpaka ujulikane ni kitu gani, na ukiwa ni ufa, kitako kinarudi kwa mwenyewe hata akikupandishia hadi dola mia. Kwa sasa pasi ikae kabatini na supagluu ibaki dukani.

Mimi huanza na habari ya muuzaji kabla ya habari ya mbao, kwa sababu watu wengi huleta kitako kwangu wakiwa wameshakipiga msasa, halafu ndipo wanauliza kama kinarudishika. Marekani, majimbo yote isipokuwa Louisiana yamepitisha sheria moja ya mauzo ya bidhaa, na ndani yake mnunuzi ana haki ya kukagua mzigo na kuukataa kama haulingani na alichoahidiwa, mradi amwambie muuzaji ndani ya muda unaokubalika. Lakini ukikifanyia kitu mambo ambayo ni mwenye mali tu angeyafanya, kama kukipiga msasa, kukitoboa au kukitia gundi, unahesabika umekikubali. Hapo muuzaji anaweza kukwambia ufa umeusababisha wewe, na huna cha kumjibu. Masharti yake ya kurudisha mzigo nayo yasome leo. Wengine wanatoa wiki chache tu, na siku zinaanza kuhesabika mzigo ulipofika.

Kwa hiyo leo hii piga picha. Boksi lenyewe na ile pembe iliyobonyea, lebo ya msafirishaji, na jinsi kitako kilivyokuwa kimefungwa ndani. Boksi usilitupe, maana ukidai fidia kwa kampuni ya usafirishaji mara nyingi wataomba kuona kifungashio. Halafu alama tatu, kila moja kwa mbali na kwa karibu, na ya karibu weka rula pembeni. Ule mstari upige picha taa ikiwa imelala ubavuni mwa kitako. Taa ya juu inauficha.

Sasa tuusome huo mstari. Mjozi una mistari myeusi ya asili, na mingine ni myembamba kweli, kwa hiyo muuzaji hajasema uongo wa moja kwa moja. Kuna njia ya kutofautisha isiyoacha alama. Chukua pamba, ichovye kwenye mineral spirits, ile wanayouza maduka ya rangi, upanguse eneo lile lote, kisha ukae uangalie linavyokauka. Mstari wa rangi ya mbao utakauka pamoja na mbao nyingine. Ufa umekunywa ile spiriti, kwa hiyo sehemu zote zikishapauka wenyewe utabaki mweusi, na wakati mwingine unyevu unachungulia tena juu baada ya dakika moja mbili. Fanya mchana, karibu na dirisha, ukiwa mbali na moto.

Jaribio la pili ni ndani ya shimo, pale palipochongwa resiva ikae. Kitako hakijafungwa kwenye bunduki, kwa hiyo una bahati: geuza, tazama ukuta wa mbao pale mkia wa resiva unapoingia. Mstari wa juu juu unaishia juu. Ufa unashuka ukutani. Ukiuona nje na ukauona ndani mahali pale pale, mjadala umekwisha. Kama bado una shaka, shika sehemu ya mbele kwa mkono mmoja na ya nyuma kwa mwingine, sokota kidogo sana huku mtu mwingine akiangalia na kioo cha kukuzia. Ufa unapumua: mstari unafunguka kwa upana wa karatasi na kujifunga. Usisokote kwa nguvu za kupasulia. Unataka kuuona tu, usiuendeleze.

Mbona nakazania alama iliyo ndogo kuliko zote? Ni kwa sababu ya mahali ilipo. Ukifyatua .30-06, resiva inasukumwa nyuma. Kwenye Remington 700 kazi ya kuupokea msukumo huo ni ya kile kibamba cha chuma kilichobanwa kati ya mtutu na resiva, kinachoshuka chini kama jino na kukaa kwenye mfereji wake ndani ya mbao, mbele ya parafujo ya mbele. Jino likiegemea mbao vizuri, msukumo unasambaa kwenye ukuta mnene wa mbao na bega lako linapokea mengine. Jino lisipoegemea, hata kwa pengo dogo, resiva nzima inateleza nyuma mpaka mkia wake ugonge mbao. Na mkia ule ni mwembamba, umekaa katikati kabisa, nyuma yake kuna shingo ya kitako ambayo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Kila risasi inakuwa nyundo, mkia unakuwa kabari, na mbao inapasuka kufuata nyuzi zake kama gogo la kuni.

Wanaotumia bunduki za wanyama wakubwa, za .375 H&H kule Selous au Ruaha wanaijua habari hii. Ukitazama kitako cha bunduki ya namna hiyo iliyotengenezwa vizuri, utaona ubavuni kichwa cha chuma cha mviringo, mara nyingi viwili. Ni parafujo nene iliyopita kitako upande hadi upande nyuma ya jino, imewekwa ili mbao isipasuke. Na nyingi za daraja hilo zina jino la pili chini ya mtutu, la kusaidiana na la kwanza. .30-06 haihitaji yote hayo, lakini fizikia ni ile ile.

Kwenye kitako ambacho hakijawahi kupigwa risasi, ufa wa pale unaweza kutokana na mbao iliyokaushwa haraka, au mashine iliyochonga shimo na kubana, au boksi kuangushwa. Kwa ile pembe iliyobonyea, ningeshuku kuangushwa: uzito wote wa sehemu ya nyuma unaning'inia kwenye shingo. Chanzo chochote kiwe, risasi ya kwanza itaukuta ufa umeshaanza na kuuongeza. Ndiyo maana dola 40 hazitoshi. Muuzaji anakupunguzia bei ya sura wakati kilichoharibika ni nguvu ya kitako.

Kuhusu supagluu, rafiki yako anakupenda lakini hapa amekosea. Ile nyepesi inaingia vizuri kwenye nyufa, sikatai, na fundi anaweza kuitumia kwa kipande kilichobanduka pembezoni mwa vile vikato vya kushikia mkono. Lakini ikikauka ni ngumu na inavunjika kwa kugongwa, na hapa kazi yote ni ya kugongwa. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba inajaza ufa na kuziba nyuzi, kwa hiyo ikiachia baadaye, gundi ya kweli, epoksi, haina pa kushika. Inaacha pia doa jeusi kwenye mjozi ambalo halitoki bila kuchimba.

Ukimwandikia muuzaji, andika maneno machache yasiyo na hasira: tarehe mzigo ulipofika, boksi lilikuwaje, alama tatu na zilipo, kwamba mstari wa nyuma ya mkia unaonekana ndani na nje, kwamba kitako hakijafungwa wala kupigiwa risasi, na kwamba unakikataa, unaomba kingine au hela yako yote. Neno la kukataa liwemo, lisibaki la kukisiwa. Tuma kwa maandishi. Simu ikipigwa, ifuatishe na ujumbe wa kuthibitisha mlichosema. Kama ulilipa kwa kadi na akakaa kimya, benki iliyotoa kadi ina utaratibu wa kupinga malipo, na picha zako ndizo ushahidi.

Tuseme sasa spiriti imekauka, mstari umepotea pamoja na mbao nyingine, ndani ya shimo hakuna kitu. Basi ulikuwa mstari wa mjozi, na umebaki na mbonyeo na mkwaruzo. Hapo chukua hela. Dola 40 kwa kazi ya jioni moja si mbaya, na ningejaribu kwanza kuomba 60.

Mkwaruzo ujaribu kwa spiriti ile ile. Ukilowanisha na weupe ukapotea, umegusa ngozi ya juu tu, yaani mafuta au vanishi, mbao haijaguswa. Kama kitako kimepakwa mafuta, sugua taratibu na sufi ya chuma namba 0000 yenye mafuta kidogo, kufuata nyuzi, kisha paka mafuta mepesi juu na ufute yote yanayobaki. Kama ni poliyurethane, ile inayong'aa kama imevalishwa kioo, kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu ukisugua sehemu moja inafifia na kubaki kama jicho. Kwenye poliyurethane mimi huacha mkwaruzo mdogo ulivyo. Mwaka mmoja porini utakuletea mingine kumi.

Mbonyeo ndio wenye raha, na pasi sasa itoke kabatini. Mbao iliyobonyea haijapoteza kitu, nyuzi zake zimebanwa tu, na maji ya moto yakiziingia zinavimba na kurudi. Ila ni lazima maji yaingie. Kwenye kitako cha mafuta yanaingia. Kwenye poliyurethane lazima kwanza uondoe ile ngozi juu ya mbonyeo, na kwa mbonyeo wa chini ya sehemu ya mbele ambao hakuna anayeuona, sioni faida. Angalia pia kama nyuzi zimekatika. Pitisha ukucha: kingo zikiwa za mviringo, zimebanwa, kingo zikiwa kali na zinakwaruza ukucha, zimekatika, na zilizokatika hazipandi kwa mvuke.

Hakikisha chuma chote kiko mbali, kwa sababu mvuke na resiva ni kutu. Kata kipande cha pamba nyeupe, shuka kuukuu inafaa, kanga haifai kwa sababu ya rangi. Kiloweshe, kikamue kisidondoke, kikunje mara mbili juu ya mbonyeo. Pasi iwe ya moto wa pamba. Gusa kwa ncha ya pasi, si kwa tumbo lake, mpaka kitambaa kilie na mvuke upande, sekunde tatu hivi, kisha inua kabla hakijakauka. Kitambaa kikavu chini ya pasi kinaunguza mbao, na alama ya kuungua haina pasi ya kuiondoa. Lowesha tena, gusa tena. Mara ya kwanza utaona mbonyeo umepungua karibu nusu, baada ya hapo unapanda kwa uvivu. Usiendelee mpaka pawe tambarare kabisa siku hiyo. Mbao iliyolowa imevimba, ikikauka usiku inakaa sawa, na asubuhi unajua kama inahitaji tena.

Asubuhi pale mahali patakuwa na manyoya madogo ukipapasa, nyuzi zilizosimama kwa maji. Msasa namba 320, kufuata nyuzi, kwa mkono mwepesi, halafu 400. Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa au ya tung, tone linalotosha ncha ya kidole, sugua mpaka pawe na joto, futa, subiri siku moja, rudia mpaka rangi ilingane na jirani zake. Matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyafinyange ukatupa kwenye pipa la takataka. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linalikusanya mpaka linawaka lenyewe, gereji za Marekani zimeungua hivyo. Yatandaze nje kwenye zege moja moja mpaka yakakamae, au yatumbukize kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Ukiletewa kingine, au ukibaki na hiki, hapo ndipo wengi wanapokimbilia parafujo, na kitako kipya kinapasuka nyuma ya mkia kabla ya Krismasi. Toa bolti kwanza, hakikisha chemba tupu kwa jicho na kwa kidole, magazini tupu. Kisha paka rangi ya mdomo, ile ya mama watoto usiyorudishiwa, kwenye uso wa nyuma wa lile jino na kwenye ncha ya mkia, nyembamba, shusha resiva kwenye kitako, kaza, fungua. Kwenye mbao mfereji wa jino uonyeshe rangi kwa upana mzuri. Ukiona kidoa kimoja cha pembeni, jino linaegemea kona tu. Nyuma ya mkia, kinyume chake: pasiwe na rangi kabisa, pawe na nafasi ndogo, kama milimita moja, ili chuma kisiguse mbao hata resiva ikisogea. Kama jino haliegemei au mkia unagusa, peleka kwa fundi akitandike kwa epoksi, yaani aijaze pale chuma kinapokalia mbao. Kazi hiyo inafanywa hata nyumbani, lakini anayeifanya mara ya kwanza huwa anasahau dawa ya kuzuia kushika na kuunganisha resiva na kitako moja kwa moja, na maneno anayoyatoa baada ya hapo sitayaandika.

Ukikaza parafujo, tumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Kitako cha mbao kisicho na nguzo za alumini ndani (vile vibomba ambamo parafujo hupita), inchi-pauni 45 kwa kawaida zinatosha, sawa na kama nyutoni-mita 5, ila karatasi ya aliyekitengeneza ikisema vingine fuata yeye. Kwa mkono peke yake watu hukaza kupita kiasi na kuponda mbao chini ya parafujo. Halafu pitisha noti ya dola kati ya mtutu na sehemu ya mbele, kutoka mbele kurudi nyuma. Kama kitako kimechongwa mtutu ukae huru, noti ipite bila kukwama mpaka karibu na resiva. Ikikwama upande mmoja, mbao inagusa mtutu, na ukikaa kwenye mvua ya Novemba itagusa zaidi.

Swali lako ni la mbao, lakini kwa wasomaji walioagiza sehemu za chuma, kwa ufupi: mkwaruzo juu ya mtutu kwenye rangi ya bluu-nyeusi ni wa sura tu, futa mafuta, tia dawa ya baridi ya kupakia rangi huku umevaa glavu kwa sababu nyingi zina seleniamu na ni sumu, na ujue rangi haitalingana kabisa. Alumini haikubali dawa hiyo. Kalamu ya rangi nyeusi inatosha. Lakini kovu kwenye mdomo wa mtutu, pale risasi inapotokea, au alama yoyote kwenye uso wa bolti na meno yake ya kufungia, au ndani ya chemba, hiyo haiguswi kwa tupa wala msasa na mwenye bunduki. Inarudi dukani, au inakwenda kwa fundi mwenye vipimo vya chemba. Na kwa mlioko Kenya na Tanzania, ukarabati wa silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni. Msimwombe ndugu aliye Marekani awatilie vipuri kwenye begi la nguo, kwa sababu kuna vibali vya kuvitoa kule na vya kuviingiza huku.

Mwisho, kitako kikishakaa, bunduki imekuwa nyingine kwa darubini. Usiende msituni na mipangilio ya kitako cha plastiki. Nenda uwanja wa kulengea mapema, uanze mita 25, kisha 100, na ukishapiga kama risasi ishirini rudi kwenye parafujo uone kama zimelegea, kwa sababu mbao mpya hujipanga. Baada ya hapo pangusa tena spiriti nyuma ya mkia. Ukiona chochote cheusi kimebaki, acha kupiga na unitumie picha ya ndani ya shimo.